Uzio Imara kwa Ng'ombe wa Chama

(Mazungumzo yaliyotolewa na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya vyama ambavyo havikuweza kuleta wajumbe wao.)



Bila shaka mlitazamia kwamba leo nitasema juu ya vitabu vya hesabu, maana hivyo ndivyo vinavyonileta vyamani kwenu. Nitasema juu ya nguzo na waya. Msidhani nimeiacha kazi yangu. Katika chama chenye ng'ombe, uzio ni miongoni mwa mali zenye gharama kubwa kabisa baada ya ng'ombe wenyewe, na ndiyo mali ambayo sisi wakaguzi huikagua vibaya kuliko nyingine zote. Naomba nianze na kosa langu mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja cha wafugaji, ambacho sitakitaja. Chama kilikuwa kimenunua mitamba kwa fedha za mkopo na kuyazungushia malisho yake uzio wa seng'enge. Ankara zilikuwapo. Hati za kupokelea mali zilikuwa zimetiwa saini. Idadi ya roli za waya katika leja ya stoo ililingana na ankara, na malipo ya vibarua yalikuwa na sahihi na alama za dole gumba kama inavyotakiwa. Nikaandika katika taarifa yangu kwamba uzio upo na umekamilika. Ni kweli kwamba niliuona. Niliuona kutoka barabarani nikiwa juu ya pikipiki, nao uling'aa kwa upya wake. Sikushuka.

Mvua za kwanza zilipokuja udongo ukalainika, na nguzo moja ya pembeni, upande wa bondeni, ikang'oka. Nguzo ya pembeni iking'oka, mistari yote ya waya iliyofungwa hapo hulegea kwa pande mbili za shamba kwa mpigo mmoja. Mitamba wakapita. Upande wa pili palikuwa na shamba la jirani lililokwisha vunwa mtama, na mashina yake yalikuwa yamechipua upya kwa ile mvua. Wafugaji wazoefu mnajua neno ninalotaka kusema. Machipukizi machanga ya mtama yana sumu ya sianidi, hasa yanapochipua baada ya ukame, na ng'ombe mwenye njaa akiyala kwa pupa huweza kufa kabla hajarudi nyumbani. Walikufa watatu. Bwana mifugo alipofika, wawili walikuwa wamekwisha kuwa baridi.

Mkutano mkuu wa dharura ukaitishwa, nami nikaitwa. Tulilifukua shimo la ile nguzo mbele ya wanachama. Mkataba ulisema kina cha mita 1. Tulipima sentimita 40. Fundi alikuwa amelipwa kwa idadi ya mashimo, basi akachimba mashimo mengi. Mzee mmoja akasimama akaniuliza: "Bwana Mkaguzi, uliandika kwamba uzio upo. Ulikagua nini?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimejifunza uzio kwa kuuliza mafundi, kwa kushika mtaimbo, na kwa kuutembelea kila uzio ninaoambiwa kuwa umekamilika. Haya nitakayowaeleza ndiyo niliyoyapata huko.

Jambo la kwanza haligusi waya hata kidogo, nalo ni mpaka. Chama kiwe na hati ya ardhi yake. Kama ardhi ni ya kijiji, basi iwe hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Kisha majirani wote waitwe siku moja, waitembee mistari pamoja na viongozi wa kijiji, mambo zipigwe mbele yao, na muhtasari uandikwe na kutiwa saini. Ulizeni pia kama ipo njia ya kuendea maji ambayo watu na mifugo wameitumia kwa miaka mingi. Uzio unaoziba njia ya maji hukatwa usiku, nami sitawaonea huruma waliouziba. Na kama eneo lenu liko karibu na hifadhi au kwenye ushoroba wa wanyamapori, msichimbe shimo hata moja kabla ya kuwauliza wahusika.

Jambo la pili ni umbo la shamba, na hapa makatibu mshike kalamu. Chukueni malisho ya hekta 4, yaani karibu eka 10. Yakiwa ya mraba wa mita 200 kwa 200, mzunguko wake ni mita 800. Yakiwa mita 400 kwa 100, mzunguko ni mita 1,000. Yakiwa ukanda mwembamba wa mita 800 kwa 50, mzunguko ni mita 1,700. Nyasi ni zile zile, ng'ombe ni wale wale. Kwa uzio wa mistari minne, shamba la mraba linataka mita 3,200 za waya, na ule ukanda mwembamba mita 6,800. Nguzo zikisimama kila mita 4, la kwanza linataka nguzo 200 na la mwisho 425. Nimeona chama kilichofuata kona zote za kijito kwa sababu hakikutaka kuacha nje kipande cha nyasi kisichotosha kumlisha ndama mmoja. Kila kona ilitaka nguzo kuu na tegemeo lake. Kipande hicho kingeachwa nje, chama kingebakiwa na fedha ya kununua lango.

Sasa waya wenyewe. Huu wa miiba tunaouita seng'enge ulipata hataza Marekani mwaka 1874 kwa jina la mkulima wa Illinois aitwaye Joseph Glidden, na umbo lake halikubadilika sana tangu wakati huo: nyaya mbili zimesokotwa pamoja, na miiba imeshikwa katikati ya msokoto. Kilichobadilika ni unene, na humo ndimo vyama vinamoibiwa mchana kweupe. Mfanyabiashara atawaambia bei ya roli. Roli si kipimo. Waya wenye unene wa milimita 2.5 una chuma karibu mara mbili na nusu ya waya wa milimita 1.6, na kwa chuma cha aina moja nguvu yake hufuata kiasi hicho hicho. Roli mbili zaweza kuwa na uzito ule ule wa kilo 25, moja ikawa na mita kama 250 za waya mnene, na nyingine mita zaidi ya 500 za waya mwembamba. Atakayewashindanisha wauzaji kwa bei ya roli peke yake atamchagua muuzaji asiyemjua. Katika barua ya kuomba bei andikeni mambo manne: unene wa waya kwa milimita, urefu wa roli kwa mita, umbali kati ya mwiba na mwiba, na kwamba waya uwe umepakwa zinki vizuri. Mzigo ukifika, katibu asisaini hati ya kupokelea kabla hajapima unene kwa kipimo cha fundi wa vyuma na kuipima roli moja kwenye mizani. Mizani mnayo, ni ile ile mnayopimia mazao.

Kwa nguzo, kila wilaya ina miti yake na wazee wanaoijua. Mtarakwa wa nyanda za juu ulisifika zamani kwa kuhimili mchwa na kuoza, lakini siku hizi ni mti wa kuhifadhiwa, na hairuhusiwi kuukata ovyo. Wengi wetu tutanunua nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa kiwandani kwa shinikizo, kama zile zitokazo Mufindi. Ni ghali, nami nasema ni halali yake. Nguzo ghafi ya mkaratusi mchanga yaweza kuliwa na mchwa usawa wa ardhi katika misimu michache tu. Kuipaka oili chafu hakuizuii kuoza, kwa kuwa oili hiyo haipenyi ndani ya mti, tena inachafua udongo wa malisho. Kuiunguza moto upande wa chini ni desturi ya zamani, lakini kaa lile la nje si dawa. Nyufa hubaki na maji huingia. Kama fedha haitoshi kwa nguzo zote za dawa, nunueni za pembeni na za malango tu, na hizo za katikati zitokane na miti migumu ya kwenu iliyokomaa na kumenywa magamba yote, maana chini ya gamba ndimo wadudu wanamojificha.

Wapo watakaosema, kwa nini tusipande minyaa? Ni swali zuri. Ua wa minyaa ni rahisi, hauhitaji zinki, na hata jina la Manyara latokana na neno la Kimaasai la mmea huo. Chama maskini chaweza kuanza na seng'enge mistari miwili na kupanda minyaa chini yake. Lakini utomvu wake ni hatari kwa macho, na ua huchukua miaka kufunga. Ng'ombe wa mkopo hawangoji.

Nakuja kwenye pembe, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini kwa kuwa ndipo uzio unapokufa. Mistari minne iliyokazwa vyema huivuta nguzo ya pembeni kwa nguvu ya mamia ya kilo, mchana na usiku. Nguzo za katikati hazibebi mzigo huo. Kazi yao ni kuushikilia waya usiporomoke. Kwa hiyo nguzo ya pembeni na ya langoni iwe nene kuliko zote, urefu wake usipungue mita 2.2, na kina cha shimo kiwe mita 1 kamili. Ncha nene iende chini. Udongo urudishwe kwa tabaka za unene wa kiganja, na kila tabaka lishindiliwe kwa kitako cha mtaimbo mpaka mtaimbo uruke wenyewe. Udongo wote uliotoka shimoni unapaswa kurudi shimoni pamoja na nguzo. Ukiona lundo kubwa limebaki, jueni haukushindiliwa. Saruji si lazima. Ikitumika, juu yake iteremke kuelekea nje ili maji yasitulie kwenye shina la nguzo, la sivyo mtakuwa mmeitengenezea nguzo bakuli la kuozea.

Kisha tegemeo. Wengi huweka gogo la mshazari, nao hulikosea kwa namna moja. Hulisimamisha karibu wima, kichwa chake juu kabisa ya nguzo na mguu wake karibu na shina. Gogo la namna hiyo linageuka jeki: waya unapovuta, gogo linainyanyua nguzo kutoka shimoni. Ile nguzo iliyoua mitamba watatu ilikuwa na tegemeo la namna hiyo. Tegemeo liwe refu, lilale, likutane na nguzo kidogo juu ya nusu ya urefu wake ulio nje ya ardhi, na mguu wake usukume jiwe pana lililozikwa, si udongo mtupu.

Njia iliyo bora zaidi ni ya nguzo mbili. Simika nguzo ya pili kwenye mstari wa uzio, mita 2 hadi 2.5 kutoka ile ya pembeni, kwa kina kama hicho hicho. Kati ya hizo mbili weka mti wa mlalo, sentimita 90 hadi 100 kutoka ardhini, uliochongewa kingo ndani ya nguzo zote mbili. Halafu chukua waya laini usio na miiba, uuzungushe mara mbili kutoka chini ya nguzo ya pembeni, karibu na ardhi, hadi juu ya nguzo ya pili, na kuukaza kwa kuusokota kwa kijiti. Angalieni sana upande wa waya huo. Ukiufunga kinyume, yaani kutoka juu ya nguzo ya pembeni kwenda chini ya ile ya pili, hausaidii chochote. Nimekuta vyama viwili vilivyoufunga kinyume kwa ustadi mkubwa. Pembe ya shamba ina pande mbili, basi inataka matengenezo hayo mara mbili, kila upande na lake.

Nguzo za katikati ziende chini sentimita 60, zifuate kamba iliyovutwa kutoka pembe hadi pembe. Kwa ng'ombe wakubwa mistari minne yatosha: sentimita 40 kutoka ardhini, kisha 65, kisha 90, na wa juu 120. Mwenye ndama aongeze wa tano chini. Waya upigwe upande wa ndani, wanakokaa ng'ombe, ili wanapoegemea wausukume waya kwenye nguzo. Ukipigwa upande wa nje wanaing'oa misumari kidogo kidogo kila siku. Lakini mstari ukipinda, waya upite upande wa nje wa mpindo hata kama ng'ombe wako upande wa pili, kwa sababu hapo mvuto wa waya una nguvu kuliko ng'ombe.

Misumari ile ya ncha mbili isipigwe mpaka ikaubana waya. Waya uachiwe nafasi ya kuteleza, maana chuma hurefuka na kufupika. Waya wa mita 100 uliofungwa adhuhuri hufupika zaidi ya sentimita 2 baridi ikishuka kwa nyuzijoto 20, na kama umebanwa kila nguzo, utakatika palipo dhaifu. Msumari nao ukae mshazari kidogo, ili ncha zake mbili zisiingie katika ufa mmoja wa mti. Wakazaji waya wavae glavu za ngozi na wasimame upande wa pili wa nguzo, kwani waya ukikatika hurudi kama nyoka. Aliyechanwa apelekwe zahanati kwa ajili ya pepopunda, hata kama jeraha ni dogo.

Kwenye bonde waya hutaka kunyooka, na kwa kunyooka huinyanyua nguzo iliyo chini. Hapo funga jiwe zito kwa waya laini, ulizike kando ya nguzo na kuliunganisha nayo. Kwenye korongo la maji usipitishe uzio mzima. Tundika kipande chepesi kinachoning'inia, ambacho mafuriko yatakibeba peke yake na kuuacha uzio wote. Kwa radi, pigilia chuma kinachogusa mistari yote na kuingia ardhini kila baada ya mita 50 hivi, kwa sababu ng'ombe hupenda kusimama kando ya uzio wakati wa mvua. Kuhusu uzio wa umeme wa jua, ambao baadhi yenu mmeniuliza, ni mzuri kwa kugawa malisho ndani ya shamba, lakini unataka mtu wa kuukagua kila siku. Waya wa miiba usitiwe umeme kamwe, kwani mtu au mnyama akinaswa hawezi kujinasua.

Sasa nirudi kwenye daftari. Kama uzio utajengwa kwa mkopo, makisio yake yapitishwe na mkutano mkuu, na mkopo usivuke ukomo wa madeni uliokubaliwa na mkutano huo na kuidhinishwa na Mrajis. Fundi asilipwe kwa shimo. Alipwe kwa awamu tatu: ya kwanza mashimo ya pembeni yakiwa wazi na yamepimwa mbele ya wajumbe wawili, ya pili nguzo zote zikiwa zimeshindiliwa, na ya tatu, isiyopungua robo ya malipo yote, baada ya mvua kubwa ya kwanza. Vipimo vya kina viandikwe shimo kwa shimo, na kila mjumbe aliyepima atie saini. Mabaki ya waya yarudi stoo kwa hati. Uzio ukikamilika, uingizwe katika daftari la mali ya kudumu kwa mita, si kwa maneno "uzio mmoja", na kila mwaka pawe na fungu la matengenezo katika makisio. Chama kisichotenga hata fedha ya misumari kitauza mtamba ili kutengeneza uzio.

Mtu mmoja ateuliwe kuuzunguka uzio wote kwa miguu mara moja kila wiki, akiwa na nyundo, koleo na misumari mfukoni, na daftari dogo. Si lazima awe mjumbe wa bodi. Kijana anayechunga yatosha, mradi alipwe na asomwe anachoandika. Katika chama kile nilichowaeleza, kazi hiyo amepewa mtoto wa yule mzee aliyeniuliza swali, na jirani mwenye mtama alilipwa kwa maziwa kwa makubaliano yaliyoandikwa mbele ya baraza la kijiji, ingawa wanachama wawili walijitoa kwa hasira na hawajarudi hadi leo.

Nitaanza kuzitembelea ofisi zenu mwezi ujao. Vyama vyenye uzio naomba viwe na mtaimbo, kamba ya kupimia na sepeto siku hiyo. Nitachagua mwenyewe pembe moja, tutaichimbua upande mmoja hadi chini ya nguzo, tutapima, tutaifukia na kuishindilia pamoja. Ndipo nitakapoomba leja.